Maswali ya Wasomaji: Anaimba Alfabeti, Lakini Herufi Hazitambui

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mama mfanyabiashara wa dagaa katika soko la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza. Binti yangu ana umri wa miaka mitano na yuko darasa la awali. Anaimba "a, be, che, de" hadi mwisho bila kukosea, lakini nikimwonyesha herufi moja peke yake hubahatisha tu. Nikimwandikia "mi" husoma "me-i", na kaka yake, anayesoma shule ya mchepuo wa Kiingereza, humwambia kwamba hiyo ya pili inaitwa "ai". Akiandika, b hugeuka d, na s hutazama upande usio wake. Je, mwanangu ana tatizo, na nimsaidieje jioni nikitoka sokoni?
Mzazi, Kirumba

JIBU: Kwa maelezo yako, mama, binti yako hana tatizo. Kuimba alfabeti ni kazi ya kumbukumbu ya sikio, na mtoto anaweza kuumaliza wimbo wote bila kujua kwamba kila kipande chake kina umbo linaloandikwa. Hiyo "me-i" inaonyesha kwamba mtoto anafikiri vizuri sana: amefundishwa kuwa herufi ile ni "me", akaongeza "i", akapata alichokipata. Aliyekosea ni mfundishaji aliyempa jina la herufi badala ya sauti yake. Mfundishe kufumba midomo na kutoa "mmm", kisha aifungue kwa "i" pasipo kukata pumzi, na "mi" itatoka yenyewe.

Anzeni na irabu tano, a, e, i, o, u, na msiziache mpaka azitambue zikiwa zimechanganywa, si kwa mfuatano wa wimbo. Kisha mpe konsonanti zinazoweza kuvutwa kwa sauti, kama m na s, ndipo t na k zifuate. Kwa herufi hizo chache tayari anaweza kusoma "mama", "sato" na "samaki", maneno ambayo wewe unayo sokoni kila siku. Kiswahili kinatusaidia mno hapa, kwa kuwa kila irabu ina sauti moja isiyobadilika na silabi nyingi huishia kwa irabu. Q na X hazina kazi katika maneno yetu, na C haisimami bila H, kwa hiyo hakuna sababu ya kumchosha nazo sasa. Konsonanti mwambatano, kama vile sh, ny na ng', zisubiri. Kaka mtu naye aombwe kwa upole aweke "ai" yake kando hadi mdogo wake azizoee sauti za Kiswahili. Na ikiwa nyumbani mnazungumza Kisukuma, msifundishe r na l katika wiki moja. Kwanza azitofautishe kwa kusikia na kutamka.

Kugeuza b na d ni jambo la kawaida kwa watoto wa umri huo, na wengi huendelea nalo hadi kukaribia miaka saba. Kikombe ni kikombe hata kikigeuziwa mkono upande wa pili, lakini herufi ikigeuzwa inakuwa nyingine, na hilo ni jambo geni kwa mtoto. Zitenganisheni herufi hizo mbili kwa wiki kadhaa. Herufi d ifundishwe pamoja na a na o, kwa sababu mkono huanza kwa kuzunguka kuelekea kushoto, kisha hupanda na kushuka wima. B huanza na mstari wa kushuka, ndipo tumbo lifuate upande wa kulia. Aiandike kwanza kwa kidole katika sinia lenye mchanga mbichi kidogo, huku akitamka sauti yake. (Mchanga uletwe nyumbani, kumwacha mtoto achezee maji ya kandokando ya ziwa ni kumtafutia kichocho.) Penseli ije baadaye, iwe fupi, ishikwe kwa vidole vitatu.

Majina yaliyopakwa rangi ubavuni mwa mitumbwi ni kitabu kizuri cha bure, lakini mengi yameandikwa kwa herufi kubwa, na A haifanani na a hata kidogo. Mwonyesheni zote mbili, ila aandike ndogo. Dakika kumi kwa jioni zinatosha. Akianza kupiga miayo, acheni. Akifika miaka saba au minane bado hawezi kuunganisha sauti, au akiwa anakodoa macho na kusogeza daftari karibu na uso, mpelekeni akapimwe macho na mzungumze na mwalimu wake.

SWALI: Mjukuu wangu anaandika kwa mkono wa kushoto. Mwalimu anasema tumzoeze kulia kabla ya darasa la kwanza. Ni sahihi?
Babu, Nansio, Ukerewe

JIBU: Hapana, mzee wetu. Ukimlazimisha utapata mwandiko mbaya na mtoto anayelichukia daftari. Mwambieni alilaze daftari lake likiinamia kulia kidogo, aishike penseli juu kidogo ya ncha ili aone anachoandika, na mwombeni mwalimu amkalishe mwisho wa dawati upande wa kushoto, wasigongane viwiko na jirani yake.