Kamera ndogo ya filamu, nichukue ipi?

SWALI: Anko habari za kazi, niko Mikindani, nataka kamera ya filamu ya kutia mfukoni nipige mashua na zile nyumba za zamani, nichukue ipi?

JIBU: Mwanangu tafuta Olympus XA, ya 1979, lenzi yake 35mm f/2.8, yaani inaona upana kiasi na inaingiza mwanga mwingi, fokasi (kufanya picha iwe kali) unachungulia kidirisha cha kamera unaona picha mbili zimepishana, unasogeza kijiti chini ya lenzi mpaka mashua mbili ziwe moja, yaani raha yake ndo hiyo! Betri zake ni vidonge vidogo vya SR44, beba za akiba, zikiisha haifyatui kabisa. Ila kabla hujalipa mulika lenzi kwa tochi, hewa yetu ya bahari inaotesha fangasi, ukiona nyuzinyuzi kama utando wa buibui achana nayo. Flashi ya nini, jua la asubuhi hapo linatosha.