Mwalimu Anajibu: Maneno Unayojiambia Usiku

SWALI

Mwalimu, hujambo? Nakuandikia kutoka Nyalenda, Kisumu. Nauza omena, yaani dagaa, katika soko la Kibuye, na Jumapili soko linapofurika ndipo ninapopata riziki ya wiki. Novemba nilikopa shilingi 24,000 kwenye chama chetu cha kuweka na kukopa, nikaagiza magunia kutoka Usenge. Mvua ikapiga siku nyingi mfululizo. Omena ilifika haijakauka vizuri, ikaanza kunuka na kuota ukungu, nikaishia kuwauzia wanaotengeneza chakula cha kuku kwa bei ya kutupa. Chama kimenipa muda wa kulipa, hakuna aliyenifukuza. Lakini mimi mwenyewe sijajisamehe. Nikilala tu naanza: mjinga wewe, kila unachogusa kinaharibika, heri watoto wangepata mama mwingine. Hata sauti ninayoisikia ni ya marehemu baba, aliyezoea kuniambia sitafika popote. Kwaya ya kanisa nimeacha, maana naona aibu kusimama mbele ya watu kuimba nikiwa na deni. Dada yangu ananiambia nifikirie mambo mazuri tu. Nimejaribu, akili inakataa. Nifanye nini?

Mama Watatu, Nyalenda

JIBU

Mama Watatu, kuna sentensi moja iliyonishtua kuliko hasara yenyewe: kwamba heri watoto wangepata mama mwingine. Ikiwa ni uchungu uliosema hivyo, tutaendelea na mengine. Lakini ikiwa kuna usiku unaowaza kwamba ni afadhali usiwepo, usimalizie hata kusoma ukurasa huu. Mwambie dada yako leo, akupeleke Russia, yaani Hospitali ya Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, mkaombe kuonana na wahudumu wa afya ya akili. Fanya hivyo hivyo ikiwa zaidi ya wiki mbili sasa hulali, huli, na hakuna kinachokupendeza. Huo ni ugonjwa kama malaria ilivyo ugonjwa, na una matibabu.

Sasa ushauri wa dada. Anakupenda, ila dawa aliyokupa haiwezi kufanya kazi, na hilo si kosa lako. Ukijilazimisha kusema wewe ni mfanyabiashara hodari huku harufu ya gunia lile ingali puani, akili itakujibu kwamba unadanganya. Mimi sikuombi mawazo mazuri. Nakuomba mawazo ya kweli.

Miaka ya 1960 daktari mmoja wa Philadelphia, Marekani, Aaron Beck, aliwasikiliza kwa makini wagonjwa wake wenye sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha. Aligundua kwamba kuna fikra fupi fupi zinazowapita kichwani kwa kasi, zote za kujishusha, na mgonjwa anaziamini bila kuzihoji. Zilipowekwa wazi na kuulizwa maswali, nyingi zilikutwa zimetiwa chumvi. Tiba aliyoijenga juu ya jambo hilo inatumika hadi leo, na sehemu yake moja huhitaji kalamu na karatasi tu.

Wewe bila shaka una daftari la madeni. Ligeuze, uanze ukurasa wa nyuma. Piga mstari katikati. Upande wa kushoto andika ulichojiambia usiku, kwa maneno yale yale, hata kama yanauma. Upande wa kulia andika kilichotokea, kama unavyomwandikia mtunza hazina wa chama: mwezi gani, kiasi gani, nani alikuwepo. Kushoto: kila ninachogusa kinaharibika. Kulia: Novemba mzigo mmoja uliharibika kwa mvua, halafu orodhesha mizigo iliyotoka salama kabla ya huo, mwezi baada ya mwezi. Kushoto: soko zima linanicheka. Kulia: majina ya waliocheka, kisha majina ya waliokuuliza unaendeleaje. Ukishindwa kupata majina ya kutosha kulijaza soko zima, hapo umepata jibu.

Ukikuta kosa la kweli, liandike pia upande wa kulia. Nikisoma barua yako naona huenda moja lipo: ulitia mkopo wote kwenye mzigo mmoja wakati wa mvua. Sawa. Kosa la namna hiyo linarekebishika. Mara nyingine utaagiza gunia moja kwanza, utalipekua kwa mkono kabla ya kulipa, utawapigia watu wa Usenge simu kuuliza kama jua limewaka huko. Lakini "mjinga wewe" utarekebisha nini ndani yake? Hakuna pa kushika.

Kuhusu marehemu baba nataka kusema polepole, kwa sababu ni mzazi wako na hayupo kujieleza. Nimefundisha shule ya msingi huku Bahati, Nakuru, karibu maisha yangu yote ya kazi. Watoto waliokemewa sana nyumbani niliwajua kwa ufutio. Walifuta jibu, wakaliandika, wakafuta tena hadi karatasi ikatoboka, na mara nyingi lile jibu la kwanza lilikuwa sahihi. Ukali ule haukuwafanya wajue hesabu zaidi, uliwafanya wasiamini walichokijua. Wazazi wengi wa rika la baba yako waliamini kabisa kwamba mtoto akisifiwa ataharibika, na pengine alikukaripia akiogopa dunia itakuumiza. Simhukumu. Lakini baba hakuwahi kuona daftari lako la mauzo. Hajui umelisha watoto watatu kwa gorogoro, kile kikopo cha kupimia. Sauti yake ikija usiku, mjibu kwa heshima kama binti anavyomjibu baba: nimesikia, baba, ila hili hulijui.

Kisha jisemeshe mwenyewe. Tuseme jirani yako wa kibanda ndiye aliyepatwa na mvua ile, akaja kwako analia. Ungemwambia nini? Nina hakika usingemwita mjinga. Ungemsogezea kiti, umwambie pole mama, hii mvua imetumaliza wengi, kaa tufikirie. Maneno hayo hayo, kwa sauti hiyo hiyo, jiambie ukiwa kitandani, tena kwa lugha unayowabembelezea watoto. Ikiwa ni Kijaluo, basi Kijaluo. Mtafiti Kristin Neff wa Chuo Kikuu cha Texas, Austin, aliyeandika juu ya jambo hili mwaka 2003, anataja nguzo tatu: kujitendea kwa upole, kukumbuka kwamba binadamu wote huanguka, na kuukubali uchungu bila kuuficha wala kuukuza. Hiyo ya pili ndiyo iliyokupotea. Unahesabu hasara yako kana kwamba mawingu yalisimama juu ya gunia lako peke yake. Waulize wenzako wa Kibuye walipoteza nini Novemba.

Na kwaya, Mama Watatu. Hapa nitakusukuma kidogo. Umeahirisha furaha mpaka deni liishe, kana kwamba kuimba ni haki ya waliomaliza kulipa. Shilingi 24,000 kwa faida ya omena zinaweza kuchukua miezi mingi. Watoto wakae nyumba isiyo na wimbo muda wote huo? Rudi mazoezini wiki hii, hata kama utasimama mstari wa nyuma na sauti itakwama. Na katika kwaya hiyo mchague mama mmoja mtu mzima, anayejua kunyamaza, umweleze yote. Zimbabwe, kuanzia mwaka 2006, daktari wa akili Dixon Chibanda aliwafunza kina nyanya, yaani kina bibi, wa mtaa wa Mbare, Harare, kukaa kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasikiliza watu waliolemewa na mawazo, kisha kuwasaidia kuchagua tatizo moja la kuanza nalo. Utafiti uliohusisha watu 573, uliochapishwa mwaka 2016, ulionyesha kwamba miezi sita baadaye waliopitia benchi hilo walikuwa na nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida tu. Nyanya kama hao Kisumu hawakosi. Niandikie baada ya mwezi, nataka kujua upande wa kulia una nini.

SWALI

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwendesha boda Kakamega. Nimeanguka mtihani wa leseni kwa mara ya pili. Najitukana mchana kutwa ili nisizembee tena. Mke wangu anasema nijionee huruma. Je, mwanamume akijibembeleza si atalegea?

JIBU

Marahaba, mwanangu. Swali lako limewahi kupimwa. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, Juliana Breines na Serena Chen, waliwapa wanafunzi mtihani mgumu wa msamiati. Waliofanya vibaya wakapewa nafasi ya kusoma kabla ya mtihani wa pili. Walioelekezwa kujitazama kwa upole kuhusu kushindwa kule ndio waliosoma kwa muda mrefu zaidi kuliko wenzao. Hawakulegea. Nadhani sababu ni kwamba mtu anayejitukana huogopa hata kufungua kitabu, kwa kuwa kila ukurasa unamkumbusha aibu.

Mkeo yuko sahihi, mpe kazi basi. Jioni akuonyeshe alama za barabarani moja moja, wewe utaje maana. Zile unazokosa ziandike kwenye karatasi, uzipeleke kwa mwalimu wako wa udereva Jumatatu, umwambie aanze na hizo.