Fundi Hasongi Ugali: Ushauri kwa Anayetaka Kukarabati Jiko

Msomaji mmoja wa Kihesa, Iringa, kanitumia ujumbe wa sauti mrefu kama hotuba ya harusi. Amepata hela ya kukarabati jiko la nyumbani. Fundi kaja mara moja, kapima kwa macho, kataja bei ya jumla na kuomba nusu yake ili aanze Jumatatu. Baba watoto ameshakubali. "Dada, nimpe au nisimpe?" Nilimjibu asimpe, nikalala. Asubuhi nikaona jibu lile halimtoshi, na mimi mwenyewe nina maneno mengi juu ya jambo hili tangu jiko langu la hapa Uyole, Mbeya, likamilike. Na lilikamilika vizuri. Nasema bila kujificha, wanaokuja nyumbani wameliona.

Nianze na hapo kwenye "baba watoto ameshakubali", maana ndipo mambo yanapoharibikia.

Hela ya jiko langu ilikuwa ya viazi nilivyolima Uporoto. Viazi vyangu, mbolea yangu, mgongo wangu. Fundi alipofika nilimkaribisha, nikamwandalia chai, akanywa, kisha akageukia kochi alilokalia mume wangu: "Sasa mzee, jiko tunaliwekaje?" Mume wangu ni mtu mwema lakini ukimtuma jikoni kuleta mwiko atarudi kuuliza uko wapi. Akanitazama mimi. Fundi naye akanitazama, akacheka: "Mama yeye atachagua rangi ya marumaru." Tukacheka wote pale sebuleni. Sijaisahau hadi leo, na naiandika makusudi kwa kuwa najua mkewe husoma hapa.

Rangi ya marumaru ndilo jambo la mwisho kabisa katika jiko. La kwanza ni mwili wa anayepika.

Fundi wangu alitaka kaunta moja ndefu yenye kimo kimoja, sentimita 90, kuanzia mlangoni hadi chini ya dirisha. Alikuwa na picha kwenye simu, jiko jeupe lenye maua mezani, sijui la nchi gani. Nikamwambia sawa, tusibishane, panga matofali yafike hiyo 90. Akapanga. Juu yake weka ubao. Akaweka. Nikaleta jiko la gesi la plati mbili nikaliweka juu ya ubao, na juu ya jiko nikatua sufuria yangu ya kusongea. Mdomo wa sufuria ukanifika kifuani. Nikashika mwiko, mabega yakapanda hadi masikioni. Nikampa yeye: "Haya fundi, songa." Ni mtu mrefu, lakini hata yeye aliuzungusha mwiko kidogo akaurudisha kimya kimya.

Ugali unasongwa kwa uzito wa mwili kutoka juu. Ukiusonga na mkono ukiwa umeinuliwa, bega linalipa, na litalipa kila siku kwa maisha yako yote kwenye nyumba hiyo. Kwa hiyo fanya hivi: vaa ndala unazovaa jikoni, simama wima, kunja kiwiko, mtu akupime kutoka sakafuni hadi kiwikoni. Toa sentimita 10 hadi 15. Hicho ndicho kimo cha kaunta ya kukatia mboga. Sehemu ya jiko ishuke zaidi, kwa sababu jiko lina kimo chake na sufuria ina kimo chake. Yangu iko sentimita 65 na naisifu kila jioni. Fundi alisema kaunta ya kushuka ngazi itaonekana kama genge. Nikamwambia genge langu, nami ndiye muuzaji. Sinki lenyewe unaweza kulipandisha kidogo kuliko kaunta ya kukatia, maana unapoosha vyombo mikono inafanya kazi chini, kwenye kitako cha sinki.

Hayo huwezi kuyajua kwa kukaa kwenye kochi.

Jambo la pili hawalisemi kwenye picha kwa kuwa picha hazikupigwa huku kwetu. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Maji hapa yanachemka kwenye nyuzijoto kama 94, hayafiki 100 kama yanavyofika Dar es Salaam. Ndiyo maana maharage yale yale ukimpelekea dada yako Dar anakuambia yameiva mapema, na wewe hapa bado unaongeza maji. Hakuna mchawi, ni mwinuko. Maana yake, jiko la nyanda za juu linahitaji mahali pa chungu kinachokaa motoni muda mrefu, na lazima uamue tangu mwanzo ni moto gani huo. Najua kuna mkakati wa taifa wa 2024 hadi 2034 unaolenga asilimia 80 ya Watanzania kupikia nishati safi, nami gesi ninayo na sufuria ya presha ninayo, na kwa maharage ya kawaida sufuria ya presha inatosha kabisa. Lakini makande ya wageni wa msiba? Nilijenga kibaraza nyuma ya mlango wa jiko, bati juu, kiukuta kifupi cha kuzuia upepo, na mkaa unakaa huko huko. Ndani ya nyumba hauingii. Juni na Julai watu hufunga madirisha kwa baridi na kuingiza jiko la mkaa ndani wapate joto, na hewa ya sumu ya mkaa haina harufu. Watu wanalala nayo hawaamki. Fundi akikuambia "tutaacha nafasi ya mkaa hapo pembeni ya friji", mkatalie hata kama ni mjomba wako.

Gesi nayo ina tabia yake. Gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja inashuka na kutanda sakafuni, haitoki kwa dirisha la juu. Sasa wewe umejengewa kabati zuri lenye milango chini ya kaunta, mtungi umefichwa humo, na kabati halina tundu hata moja. Hapana. Mtungi wangu wa kilo 15 uko nje ukutani ndani ya kizimba cha nondo chenye kufuli, mpira unapita kwenye tundu lenye kipande cha bomba. Kama huna ukuta wa nje, basi kabati liwe na matundu chini kabisa, usawa wa sakafu, yanayotoka nje. Na kila ukibadilisha mtungi paka povu la sabuni kwenye maungio uone kama linatoa mapovu.

Tuje kwenye maji machafu, ambako niligombana na fundi kuliko mahali pengine pote. Nilitaka sinki chini ya dirisha, nione mlima Loleza kwa mbali nikiosha vyombo. Kila mtu anataka hivyo. Lakini kabla ya kukubali nilimwomba afungue chemba ya nje tuangalie bomba linaingilia kimo gani. Hakutaka. "Mama, maji yataenda tu." Maji hayaendi tu. Bomba la jikoni linahitaji mteremko wa kama sentimita mbili na nusu kwa kila mita, yaani mita sita zinakula sentimita 15, na uwanja wetu Uyole ni tambarare. Tulipofunua chemba, tukavuta kamba na kipimamaji, ikaonekana bomba la kutoka dirishani lingefika likiwa chini ya chemba. Sinki likahamia ukuta wa pili. Loleza naiona nikienda kuanika nguo.

Angekuwa amemwaga zege na kuweka marumaru kwanza, ningekuwa na sinki la kupendeza linalorudisha maji ya mchicha kila Jumapili. Kwa hiyo anza na chemba, kisha sinki, ndipo vingine vyote vijipange kulizunguka. Tumia bomba la inchi mbili, na chini ya sinki pawe na kile kipinda kinachobaki na maji, kwa sababu ndicho kinachozuia harufu na mende wasipande. Mabomba ya maji safi yakishalazwa ukutani, yajazwe maji, yafungwe, yalale usiku kucha kabla ya lipu kupigwa. Asubuhi pitisha mkono kwenye kila ungio. Fundi ataona unamchelewesha. Acha aone.

Kwenye umeme sitakawia: waya wa soketi usipungue milimita za mraba 2.5, jiko la umeme liwe na laini yake peke yake ya waya wa milimita za mraba 6 kutoka kwenye breka, na kazi ifanywe na mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, si kijana aliyekuja kubeba mchanga. Soketi isikae juu ya sinki. Nimeona nyumba ya mtu mwenye digrii ina soketi juu ya sinki.

Mbao tunazo, tena jirani. Paina ya Sao Hill inashushwa kutoka Mafinga kila leo, lakini nyingi inauzwa mbichi, na mbao mbichi ikifungiwa kwenye kabati inajipinda ikikauka, milango inaanza kuchekana. Nunua mapema, ipange na vijiti katikati hewa ipite, ikae kivulini. Chini ya sinki usikubali MDF, zile mbao za unga wa mbao ulioshindiliwa, ikinywa maji inavimba kama andazi. Mimi makabati ya chini nilijengewa kwa tofali na jamvi la zege, milango ya mbao ikaja baadaye pesa iliporudi. Jamvi limwagiwe maji siku 7 angalau, na ujue kwamba kwenye baridi yetu saruji inakomaa polepole, hivyo fundi asikimbilie kutoa mbao za chini.

Siku za vumbi nazipita, kila aliyekarabati anazijua.

Sasa hiyo nusu. Usimpe mtu nusu ya kazi ambayo haijaandikwa. Fundi wa mtaani wengi wetu tunamkubalia kwa mdomo, kisha tunashangaa kwa nini "jiko" lake halikuhusisha kuondoa kifusi. Andikeni kwenye karatasi ya daftari, haihitaji wakili: nini kinabomolewa, nini kinajengwa, vimo, nani anaondoa kifusi, nani analipia bomba likipasuliwa kwa bahati mbaya, saidia fundi analipwa na nani. Kila upande asaini, na shahidi mmoja. Mimi shahidi alikuwa balozi, na fundi alinuna kidogo, akasaini. Kianzio kiwe cha kumtosha kuleta vifaa vyake na kijana wake. Kinachofuata alipwe kazi inapofika mahali panapoonekana: kubomoa na jamvi, kisha mabomba na nyaya zikishajaribiwa kabla ya lipu, kisha marumaru. Na asilimia 10 ibaki mkononi mwako hadi utakapokuwa umepikia jiko hilo wiki kadhaa.

Vifaa nunua mwenyewe. Chukua orodha yake, pita nayo sokoni, kwetu Mbeya ni Mwanjelwa, kwenye maduka zaidi ya moja kabla hujatoa shilingi. Mafundi wengi hula cha juu dukani, na simlaumu sana mtu ambaye ufundi wake tunaupunja. Nilimwambia wangu waziwazi: nakuongezea kwenye ufundi, dukani naenda mimi. Akacheka, akasema "ndaga mama", yaani asante mama, na kuanzia hapo ndipo tulipoanza kuelewana. Marumaru ongeza asilimia 10 ya zitakazovunjika, na soma namba ya toleo kwenye kila boksi, kwa sababu rangi ileile kwa jina inaweza kutofautiana kwa toleo.

Wanawake wenzangu, niseme hili na nisieleweke vibaya. Sisi tunakubali haraka mno kuitwa kwenye rangi. Tunaogopa kuonekana wajuaji mbele ya fundi, mbele ya wakwe. Wifi yangu alisema, ukoo mzima ukisikia, kwamba hela ya viazi nimeimwaga kwenye sinki. Mwezi uliopita alinipigia kuniomba namba ya fundi, na nilimpa, ila nilikaa kidogo kabla ya kumpa. Mungu anisamehe. Simama katikati ya jiko lako na chaki mkononi. Chora sakafuni jiko litakaa wapi, sinki wapi, mtoto atapita wapi ukiwa umebeba sufuria ya moto. Anayepika ndiye mwenye ramani, na mume mwenye busara ataliona hilo bila kuambiwa.

Na wewe wa Kihesa, usianze Novemba. Mvua zikishika, mchanga unapanda bei, mbao hazikauki, na tundu la ukuta litafunikwa na turubai hadi Aprili. Mei na kuendelea ndiyo saa yetu, ingawa ndipo pia wakulima wanauza na mafundi wazuri wanagombaniwa, kwa hiyo msemeshe mapema. Mwulize pia kama ukuta anaotaka kuubomoa kati ya jiko na sebule umebeba kenchi za paa. Akijibu bila kupanda darini kuangalia, tafuta mwingine. Na kama wakati unasoma haya ameshaanza kubomoa, basi mwambie asiguse sakafu hadi chemba ifunguliwe, nawe uwepo hapo inapofunguliwa.