Kwa nini mkeka ukichanika kwa timu moja ndipo anazidi kubeti?

SWALI: Mume wangu ana miaka 31, anaendesha bodaboda hapa Mwanza. Ninachoshindwa kuelewa ni hiki: mkeka (tiketi moja ya mechi nyingi, ikikosa timu moja umekosa wote) ukichanika kwa timu nne au tano anatukana kidogo, analala. Ukichanika kwa timu moja halali kabisa, na asubuhi anaweka mwingine wa hela kubwa zaidi. Siku hizi usiku anacheza pia kindege, ule mchezo wa kamari wa kwenye simu. Mara mbili ndugu wamechanga tukamlipia madeni, akaapa, na hazikupita wiki tatu. Huu ni ugonjwa au ni tabia tu? Na tuanzie wapi? – Mama wa wawili, Mwanza

JIBU: Dada, nianze na hiyo timu moja, maana hapo ndipo penye fundo lenyewe.

Chukua mkeka wa mechi 10, kila mechi odi 1.50, yaani timu ikishinda sh 1,000 inarudi sh 1,500. Odi hiyo inakuambia timu ina nafasi 67 kwa 100, lakini humo ndani kampuni imeshajikatia chake. Tuseme imejikatia asilimia 6 kwa kila mechi: nafasi halisi inashuka hadi kama 63. Zidisha mara kumi, mkeka mzima una nafasi 1 kati ya 107 ya kutiki, na ukitiki unalipa mara 57 na ushee. Ukienda hivyo muda mrefu, kila sh 1,000 inayowekwa inarudisha wastani wa kama sh 540. Ile asilimia 6 imejirudia mara kumi, ndiyo maana kampuni zinakupa bonasi ukiongeza timu.

Hesabu ya pili wabetiji wengi hawaipigi. Nafasi ya mkeka huohuo kuchanika kwa timu moja tu ni karibu 1 kati ya 18. Kwa hiyo kwa kila mkeka unaotiki, kuna kama sita inayokosa kwa timu moja. Mtu anayeweka mkeka mmoja kila siku atashinda mara tatu au nne kwa mwaka, na "atakaribia" kama mara ishirini. Huko kukaribia kumo ndani ya umbo la mkeka, hakuonyeshi kwamba ameanza kuujua mpira.

Ila ubongo hauoni hivyo. Kwenye mambo ya ustadi, kukosa kidogo ni habari njema: anayejifunza kurusha jiwe akakosa embe kwa inchi moja anajua rusha ijayo itapata. Ubongo unatumia kanuni hiyohiyo kwenye kamari, ambako haifanyi kazi, kwa sababu mechi za Jumamosi hii hazijui kilichotokea Jumamosi iliyopita. Luke Clark na wenzake wa Cambridge, mwaka 2009, waliwapima watu ndani ya mashine ya picha za ubongo wakicheza mchezo mfano wa mashine za sloti, zile za kamari za kuzungusha picha. Walipokosa kidogo walisema wameumia kuliko walipokosa kabisa, lakini sehemu za ubongo zinazowaka mtu akishinda ziliwaka pia. Hamu ya kuendelea ilipanda hasa pale mchezaji alipochagua picha mwenyewe, si pale kompyuta ilipomchagulia. Mumeo timu anazichagua mwenyewe, kwa kusoma takwimu na kujua nani majeruhi, na hapo ndipo anaponaswa. Ukimwambia "hujui mpira" utakuwa umemkosea, maana pengine anaujua sana. Kinachomlia hela ni ile asilimia iliyokatwa kabla mpira haujapigwa.

Kindege kinamla kwa njia nyingine, nayo ni kasi. Humo kindege kinapaa na namba inayozidisha dau inapanda nacho, na lazima ujitoe kabla hakijatokomea. Mkeka unamsubirisha hadi usiku. Raundi ya kindege inaisha ndani ya sekunde chache, na nyingine inaanza hajapumua. Mchezo wa Aviator umetangazwa kurudisha asilimia 97, na watu husikia hiyo wakaona ni haki. Lakini asilimia 3 inakatwa kwa kila dau, si kwa usiku mzima. Raundi 300 za sh 1,000 zinakula wastani wa sh 9,000, hata kama hakuingia na sh 300,000 mfukoni, kwa sababu ni hela ileile inazungushwa. Anayejitoa kwenye 1.20 anaona yuko salama: atashinda kama mara 81 katika 100. Tatizo ni kwamba kila ushindi unampa sh 200 na kila kindege kinachotokomea mapema kinabeba sh 1,000.

Halafu kuna dopamini. Wengi huiita kemikali ya raha, na si sahihi sana. Inapanda zaidi pale zawadi inapokuja bila kutarajiwa, na baadaye inapanda kwenye dalili za zawadi kabla yenyewe haijafika: mlio wa meseji ya ofa, mchana wa Jumamosi, salio kuingia kwenye simu. Zawadi isiyojulikana itakuja lini ndiyo inayojenga mazoea magumu kuliko yote kuvunja. Ndiyo maana mraibu wa siku nyingi atakuambia kwa dhati kwamba hafurahii tena, na bado mkono unaenda kwenye simu.

Ugonjwa au tabia? Shirika la Afya Duniani linauorodhesha uraibu wa kamari kama ugonjwa, na mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani uliuhamishia mwaka 2013 kwenye kundi moja na pombe na dawa za kulevya. Mwongozo huo una vigezo 9: kuhitaji dau kubwa zaidi kupata msisimko uleule, kukosa utulivu au kuwaka hasira akijaribu kupunguza, kujaribu kuacha na kushindwa mara kwa mara, kuiwaza kamari muda mwingi, kucheza akiwa na msongo, kurudi kesho yake kufukuzia hela iliyopotea, kudanganya, kuhatarisha ndoa au kazi, na kutegemea wengine wamtoe kwenye shimo la hela. Vinne ndani ya miezi 12 vinatosha, 8 au 9 ni hali kali. Kwa uliyoandika peke yake mimi nahesabu vitano: dau linalokua, kufukuzia hasara, kiapo kilichovunjika, ndugu kuchanga, na ndoa yenyewe iliyokufanya uandike. Atakayethibitisha ni mtaalamu aliyemwona. Atauliza pia kama kuna vipindi anakaa siku kadhaa bila kulala na bado ana nguvu na mipango mikubwa, maana hiyo ni hali nyingine yenye dawa zake.

Sasa hatua. Ya kwanza ni hela, na utaona ajabu: kwa anayebeti kwa simu, noti ni salama kuliko salio. Salio liko hatua mbili kutoka kwenye dau. Noti lazima ipitie kwa wakala, na hiyo safari fupi inampa muda wa kubadili nia. Abiria wamlipe taslimu inapowezekana. Hesabu ya bosi ipelekwe mchana, isingoje usiku. Kinachobaki kiingie kwenye kibubu au VICOBA kabla ya saa 12 jioni, abakiwe na mafuta ya kesho tu. Jambo hili akubali mwenyewe. Ukimnyang'anya, atatafuta kausha damu, ile mikopo ya riba kali.

Madeni: msichange tena na kumpa mkononi. Si kwa ukatili. Deni likifutwa lote kwa siku moja, uchungu unaondoka na kilichousababisha kinabaki, tena ubongo umejifunza kwamba hasara kubwa ina mlango wa kutokea. Andikeni kila deni kwenye daftari, hata lile la sh 5,000 la mama lishe, kisha yalipwe kidogo kidogo moja kwa moja kwa anayedai, kutoka kwenye kazi yake.

Akaunti: aandikie huduma kwa wateja ya kila kampuni anayoitumia, aombe kufungiwa kwa muda mrefu unaopatikana, na aombe kuondolewa kwenye orodha ya meseji. Kufuta programu peke yake hakutoshi, kuipakua tena ni dakika mbili. Simu ilale sebuleni.

Hamu yenyewe hupanda kama wimbi, na mara nyingi hushuka ndani ya nusu saa hivi asipoilisha. Kwa hiyo asiape "sitabeti maisha". Ajiahidi dakika 30, atoke nje, aongee na mtu. Kiapo kikubwa kikivunjika mara moja mtu hujiona ameshaharibu, basi anamalizia zote.

Tiba yenye ushahidi mzuri ni ya mazungumzo, inayofundisha kuzitambua fikra na vichochezi, mara nyingi vikao 8 hadi 12. Kuna dawa kama naltreksoni ambazo madaktari huzijaribu kwa baadhi ya watu, ila hazichukui nafasi ya vikao. Hapo Mwanza muanzie idara ya afya ya akili ya hospitali ya Bugando, mkiwa na lile daftari la madeni.

Jambo moja halisubiri miadi. Watu wenye uraibu huu wako kwenye hatari kubwa ya kujiua, hasa siku deni linapogundulika. Akianza kusema "mtapumzika nikiondoka", muulize waziwazi kama anawaza kujiua. Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Akisema ndiyo, usimwache peke yake, na mpelekeni hospitali siku hiyohiyo.