Kucheza na Mhusika Dhaifu Mwenye Hila: Niliyojifunza kwa Blanka

Katika michezo ya video ya mapigano kuna wahusika ambao mapigo yao hayafiki mbali, kombo zao, yaani mapigo yanayofuatana bila kumpa mpinzani nafasi, haziumizi sana, na makosa yao huadhibiwa vikali, lakini wana miondoko ambayo hakuna mwingine aliye nayo. Blanka wa Street Fighter V, aliyeongezwa kwenye mchezo huo Februari 2018, alikuwa mmoja wao. Wachezaji wengi walimweka karibu na mkia katika orodha za ubora wa wahusika, na kwa kadiri nilivyomchezea, naona hawakumwonea. Hata hivyo nimeshinda naye mechi nyingi dhidi ya watu waliochagua wahusika bora zaidi, na naamini sababu yake hueleweka vibaya. Watu husema hila hushinda kwa kuwa mpinzani haijui. Ushindi wa namna hiyo upo, lakini huisha mara tu mpinzani anapojifunza. Hila inayodumu hushinda kwa sababu mpinzani ameshaijua, anaiogopa, na anaiwazia wakati ambapo alipaswa kutazama jambo jingine.

Mchezo huu huendeshwa kwa fremu, yaani picha moja moja za skrini, 60 kwa sekunde. Mtu anayeona kitu kwenye skrini huhitaji takriban robo ya sekunde kukiitikia, yaani fremu kama 15, na kiwango hicho ni cha mtu anayengoja kitu kimoja tu. Mkamato wa kawaida katika Street Fighter V huanza kushika katika fremu ya 5, kwa hiyo hakuna anayejinasua kwa kuuona, anayejinasua ameutarajia. Pigo la juu, lile lisilozuilika kwa kuchuchumaa, kwa kawaida huchukua fremu 20 na zaidi, na kwa hesabu tupu kila mchezaji mzoefu angepaswa kulizuia. Mbona basi hata mabingwa hupigwa nalo? Ni kwa sababu katika nusu sekunde ileile wanaangalia pia kama utaruka, kama utakamata, kama utakimbia mbele, na kila jambo linaloongezwa huchelewesha mwitikio wa mengine yote. Hapo ndipo mhusika mwenye hila anapopata riziki yake, na ndiyo maana nashauri hila itumike kidogo kuliko moyo unavyotamani.

Tuchukue mviringo wa Blanka, ule anaojikunja kama mpira na kuruka kumwelekea mpinzani. Ili autoe, mchezaji hushikilia kitufe cha nyuma kwa muda, huku akichaji, kisha husukuma mbele na kubonyeza ngumi. Ukimpata mpinzani akitembea, umempiga. Akiuzuia, Blanka hudunda na kurudi nyuma angani, na mpinzani anayejua kazi yake anaweza kumfikia kwa pigo refu kabla hajatulia. Anayeanza kumcheza Blanka hurusha mviringo mfululizo, huzuiwa, huadhibiwa, kisha husema mhusika hafai. Mimi huurusha mapema katika raundi, mara moja au mbili tu, ili mpinzani akumbuke kwamba upo. Baada ya hapo thamani yake kubwa ni kutourusha. Mpinzani aliyejiandaa kuuadhibu husimama, hushikilia nyuma ili azuie, na kusubiri, na mtu anayesubiri hasongi mbele. Nafasi hiyo ndiyo ninayotembelea ili nimkaribie, nimkamate au nimpige teke la chini, yaani mambo ya kawaida kabisa ambayo mhusika wangu hakuwa na uwezo wa kuyapata kwa nguvu.

Mpinzani makini ataona kwamba unapotembea mbele hushikilii nyuma, na kwa hiyo mviringo haupo. Huyo ni wa kuheshimiwa, na dhidi yake ni lazima ujifunze kuchaji bila kuonekana. Mchezo huhesabu muda wa kushikilia kitufe hata wakati mwili wa mhusika unafanya jambo jingine. Ukianza ruko dogo la mbele, unaweza kushikilia nyuma papo hapo, na Blanka anapotua sehemu ya chaji imeshakusanyika. Kwa macho, amesogea mbele. Kwa vidole, umekuwa ukichaji muda wote. Zoezi hili linachosha na halipendezi, lakini ndilo lililobadilisha mchezo wangu kuliko kombo yoyote niliyokariri, kwa kuwa lilimnyima mpinzani uhakika wa kwamba kuna wakati wa kupumzika.

Ushahidi kwamba jambo hili si la ngazi za chini tu upo. Mchezaji Rangchu wa Korea Kusini alishinda fainali za Tekken World Tour, mashindano ya mchezo wa mapigano wa Tekken, za mwaka 2018 mjini Amsterdam akiwa na Panda, dubu ambaye wachache walimwona kuwa chaguo la ubingwa. Katika Super Smash Bros. Melee, mchezo wa mwaka 2001, mchezaji Mjapani aMSa alishinda mashindano ya The Big House 10 mwezi Oktoba 2022 akiwa na Yoshi, mhusika asiyeweza kuruka moja kwa moja kutoka kwenye ngao yake kama wenzake, lakini ambaye ruko lake la pili, lile la akiwa hewani, humfanya astahimili mapigo. Kinachonigusa katika ushindi wa aMSa ni kwamba alikuwa amemcheza Yoshi kwa miaka mingi mbele ya macho ya kila mtu. Hakuna aliyeshtukizwa. Wapinzani wake waliujua mchezo wake, na bado walilazimika kuyabeba yote hayo vichwani kwa wakati mmoja.

Kuna hesabu moja ambayo anayemcheza mhusika dhaifu hawezi kuikwepa. Ikiwa mhusika mwenye nguvu hukuondolea theluthi ya uhai kila anapobahatisha sawasawa, na wewe humwondolea sehemu ya sita, unahitaji kubahatisha sawasawa mara mbili zaidi yake. Maana yake ni kwamba hali ya nusu kwa nusu, ambayo kwa mwingine ni haki, kwako ni hasara. Kwa hiyo uhai wako uutunze kwa uchoyo: zuia kwa subira, kubali kukamatwa mara moja kuliko kubonyeza ovyo na kula kombo nzima, na unapokuwa mbele kwa uhai, usione aibu kurudi nyuma uache saa ya raundi iende hadi iishe. Najua wapo wanaoita hilo uoga. Sikubaliani nao hata kidogo, kwani saa ni sehemu ya kanuni na imewekwa kwa wote wawili.

Katika mazoezi, fanya jambo ambalo wengi hulikwepa: irekodi hila yako kwenye chumba cha mazoezi, mpe mwanasesere, yaani mhusika wa mazoezi anayeendeshwa na mchezo wenyewe, aifanye, kisha chukua mhusika wa mpinzani na uitafutie dawa. Ukishaipata, utajua sura ya mtu aliyeipata pia. Atachelewesha kitufe chake kidogo, au ataruka wima, au atabonyeza pigo la haraka unapotua. Kila dawa ina pengo lake, na kazi yako ni kuwa na jibu moja kwa kila pengo kabla ya kuingia mechi.

Mechi ya kushindaniwa michezo kadhaa nayo huigawa kwa kufuata mazoezi hayo. Katika mchezo wa kwanza mimi huonyesha mviringo na ruko tu, na humtazama mpinzani anatumia dawa ipi. Ruko linaloishia kwa mkamato hulihifadhi hadi mchezo wa pili, naye akishaanza kubonyeza kila ninapotua, ninatua nikiwa nimeshikilia nyuma, ninazuia, na kumwadhibu kwa mviringo ambao chaji yake ilianza nilipokuwa bado hewani.