Dawa imewaponya panya, mbona mgonjwa wetu hapewi?

SWALI: Ndugu Mhariri, kaka yangu ana uvimbe wa ubongo aina ya glioblastoma. Ameshafanyiwa upasuaji, na sasa anapata mionzi pamoja na vidonge vya temozolomaidi. Nimesoma kwamba ipo dawa mpya ya majaribio iliyomaliza kabisa uvimbe wa namna hiyo kwa panya wa maabara. Kwa nini naye asipewe, ilhali hana cha kupoteza? Na panya hao huugua vipi?

JIBU: Pole sana, wewe na kaka yako. Naanza na swali lako la mwisho, kwa kuwa ndilo linalofungua la kwanza.

Panya hao kwa kawaida huuguzwa makusudi. Mnyama hupewa dawa ya usingizi, kichwa chake hubanwa kwenye fremu kisitikisike, fuvu hutobolewa tundu dogo, kisha seli za saratani huingizwa polepole kwa sindano nyembamba, maana zikisukumwa kwa haraka hurudi juu kupitia njia ileile ya sindano. Mara nyingi seli hizo huwa zimetiwa jeni ya kimulimuli, hivyo panya akidungwa kemikali maalumu, uvimbe hutoa mwanga hafifu unaonaswa na kamera, na mtafiti huona unakua au unanywea bila kumpasua mnyama.

Kwa hiyo, ukisoma kwamba panya wamepona, uliza kwanza seli zilipandikizwa wapi. Yapo majaribio ambayo huziweka chini ya ngozi ya ubavu, ambako uvimbe hupimwa kwa urahisi kwa kifaa cha mkononi. Huko dawa haikutani na kizuizi kilichopo kati ya damu na ubongo, yaani kuta za mishipa midogo zilizobana kiasi kwamba dawa nyingi hazipenyi. Dawa iliyoyeyusha uvimbe wa ubavuni inaweza isifike kichwani kwa kiwango cha kutosha, na kwa maoni yangu habari isiyotaja jambo hili haifai kumpa mgonjwa matumaini.

Uliza pia ni seli zipi. Kundi moja maarufu, liitwalo U87, lilianzia kwa mgonjwa wa Uppsala, Sweden, katika miaka ya 1960, lakini uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba seli zinazosambazwa kwa jina hilo hazilingani na uvimbe wa mgonjwa huyo. Tena hukua kama donge lenye mpaka unaoonekana, ilhali glioblastoma ya binadamu hujipenyeza katikati ya ubongo mzima wa afya, na ndiyo maana daktari wa upasuaji hawezi kuimaliza yote. Isitoshe, ili panya wasizikatae seli za binadamu, huchaguliwa wenye kinga dhaifu, na matibabu mara nyingi huanza siku chache tu baada ya kupandikiza, uvimbe ukiwa bado mdogo.

Kuhusu kutokuwa na cha kupoteza, sikubaliani nawe. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2005, waliopata mionzi pamoja na temozolomaidi na kuwa hai baada ya miaka miwili walikuwa asilimia 26.5, dhidi ya asilimia 10.4 ya waliopata mionzi peke yake. Dawa isiyojulikana ikimharibia damu au ini, huenda akalazimika kuacha vidonge hivyo. Hata majaribio ya kwanza kwa binadamu hulenga hasa kutafuta kiasi cha dawa kilicho salama, kwa sababu kiasi apewacho panya hakihamishwi kwa binadamu kwa kuzidisha kulingana na uzito wa mwili tu.

Muulize daktari wake kama lipo jaribio la kitabibu analostahili kuingia, na muulize mapema, kwani baadhi ya majaribio hayampokei mtu aliyekwisha kutumia dawa nyingine za majaribio. Ombeni nakala ya majibu ya maabara, yakiwemo ya vipimo vya IDH na MGMT (jeni za uvimbe zinazowasaidia madaktari kupanga matibabu), na mhakikishe kwamba kipande cha uvimbe kilichotolewa kimehifadhiwa. Mtu akiwauzia "dawa ya utafiti" kwa faragha, msinunue.