Mnaoanza kuuza taa mwaloni, ulizeni kwanza mafuta yanakatwa wapi

Wadogo zangu mliopangiwa Kigoma, Jumanne nilipita Kibirizi, mwalo wanapoegesha vyombo vya uvuvi, nikamkuta mmoja wenu mbele ya wavuvi watano wanaoshona nyavu, anawasomea wati na lumeni kutoka kwenye katalogi. Aliposema "teknolojia ya kisasa" kwa mara ya tatu, mzee mmoja akamwomba asogee, amemzibia jua. Niliumia. Kijana yule ana bidii na sauti nzuri, na jioni alirudi na taa zake zote.

1. Anza na usiku wa mvuvi. Muulize giza lililopita, yaani zile siku zisizo na mbalamwezi ambazo dagaa huvuliwa kwa taa, alitoka mara ngapi, karabai zake za mafuta zilimzimikia wapi, alirudi na nini. Akimaliza kujibu atakuwa amekutajia mwenyewe sababu ya kununua, na wewe hujafungua katalogi.

2. Jua nani anatoa fedha na nani anapata nafuu. Hili nililijua kwa kuumiza watu.

Mwaka wangu wa kwanza nilikesha nikipiga hesabu ya mafuta ya taa yanayochomwa na karabai za chombo kimoja kwa giza zima. Asubuhi nikamfuata mwenye chombo, mzee wa heshima, nikamwambia mbele ya mabaharia wake: "Mzee, ukichukua taa hizi za betri, fedha yote ya mafuta inabaki mfukoni mwako." Kimya. Mabaharia wakatazamana.

Sikuwa nimeuliza jambo moja dogo: mafuta yalikatwa wapi. Kwenye chombo kile gharama zilitolewa kwanza, kinachobaki ndipo kinagawanywa kati ya tajiri, yaani mwenye chombo, na watu wake. Kwa hiyo mafuta yakipungua, nafuu ilikuwa yao wote. Mimi nikamwahidi mmoja jasho la wote, nao wakaelewa kwamba tajiri anataka kubadilisha mgawo na mimi ndiye niliyemletea hesabu. Mzee akasimama. "Kijana, umenigombanisha na watu wangu." Kabla ya giza lililofuata, wawili walikuwa wamehamia chombo kingine.

Nilikwenda kuomba radhi mara mbili. Mara ya kwanza hakunikaribisha. Mara ya pili alinipa kigoda, nikanyamaza, nikasikiliza. Yeye alichotaka ni usiku usiopotea: mvua isipasue kioo cha karabai, asihangaikie vipuri kila mwezi. Mabaharia walitaka kuacha kupampu taa inayounguza mikono huku mawimbi yanawayumbisha. Nafuu ya mafuta waliizungumza wao kwa wao, wakakubaliana bei ya taa ikatwe kidogo kidogo kabla ya mgawo. Alinunua. Wale wawili hawakurudi kwake, na nikikutana nao Ujiji bado nashindwa kuwatazama sawasawa.

Kwa hiyo nikikuuliza "mgawo wao ukoje?" nawe ukanijibu "sijauliza," usishangae nikikurudisha mwaloni hata kama ni saa saba mchana.

3. Nenda mbalamwezi inapoanza. Hesabu za giza zimefungwa, na watu wapo nchi kavu.

4. Kwa akina mama wa chanja, wanaoanika dagaa kwenye vichanja vilivyoinuliwa juu ya mchanga, usiseme "ubora". Mama anajua mnunuzi akitia dagaa kiganjani na kukuta mchanga, bei inashuka hapo hapo. Mwonyeshe dagaa wake mwenyewe, waliokauka juu ya chanja na waliokauka chini, umwache apige bei.

5. Ziwa likifungwa, uvuvi ukisimamishwa, acha kukopesha. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, na mtu ambaye chombo chake kiko mchangani miezi mitatu faida yake kubwa ni kutokuwa na deni lako. Mimi nilipita kuwajulia hali na kukagua betri bure. Tageti ilinipita, bosi alifoka. Septemba wale wale ndio walionipigia simu.

Keshokutwa nakwenda Katonga. Anayetaka kuja aje na daftari, katalogi aiache ofisini.